Gari Mbinguni, Mvua Unyambwa

Tarehe 6 Februari 2018 Elon Musk, tajiri wa Marekani, alirusha angani gari lake jekundu la fahari, liwe mzigo wa kujaribia roketi. Kwa uzito, zege lingalitosha. Mkulima wa Unyambwa, Singida, atazamaye mbingu kwa kuisubiri mvua, ana haki ya kuliita tendo hilo maringo, hasa kwa kuwa kampuni ile hupata pia kandarasi za serikali. Lakini asiilaani safari yote ya mbinguni: tangu 1960 setilaiti huyachungulia mawingu, na utabiri wa mvua huyategemea macho hayo. Basi anga si anasa. Anasa ni gwaride livaalo joho la elimu. Kila fedha ipandayo na iulizwe: ikishuka, itamfikia nani?