Marufuku Kuchagua Eddy

Mabanda ya gemu ya Dar es Salaam, enzi zile PlayStation ya kwanza ndiyo ilikuwa habari ya mjini, yalikuwa na sheria chache na kila mtu alizijua. Hela kwanza, pedi baadaye. Ukipigwa unainuka, aliyekupiga anabaki kwenye benchi. Mwenye sare za shule haingii kabla ya saa nane mchana, ingawa hiyo ilikuwa sheria ya kuonyeshwa wazazi tu. Katika banda la mtaani kwetu kulikuwa na moja zaidi, imeandikwa kwa maka peni nyekundu kwenye kipande cha boksi kando ya televisheni: MARUFUKU KUCHAGUA EDDY.

Kwa aliyekulia mbali na mabanda hayo, nieleze kidogo. Tekken 3 ni gemu la mapigano la kampuni ya Kijapani ya Namco. Lilitoka mwaka 1997 kwenye mashine za kumbi za michezo, na mwaka uliofuata likaingia kwenye PlayStation. Wawili mnakaa, kila mmoja anachagua mpiganaji wake, mnapigana. Alikuwepo Forest Law, ambaye sisi sote tulimwita Bruce Lee. Alikuwepo King mwenye kichwa cha chui, na Yoshimitsu na upanga wake. Na alikuwepo Eddy Gordo, Mbrazili mwenye rasta, anayepigana kapoera, ule mchezo wa mateke na kubinuka ulio nusu vita na nusu ngoma. Aliyevaa vifaa vya kunasa miondoko ili Eddy apate mwili wake ni Marcelo Pereira, mwalimu halisi wa kapoera kutoka Brazil, na ndiyo maana hata leo, picha zikiwa zimechakaa, Eddy bado anacheza kama mtu mwenye mifupa.

Kosa lake lilikuwa nini? Pedi ina vitufe vinne vya kupigia na kila kimoja ni kiungo: mraba ni mkono wa kushoto, pembetatu wa kulia, eksi ni mguu wa kushoto, duara wa kulia. Wapiganaji wengi hawakupi kitu cha maana mpaka ujue kupanga vitufe hivyo. Eddy alikuwa mkarimu kupita kiasi. Mtoto aliyeshika pedi kwa mara ya kwanza, ubuyu mdomoni, akigongagonga eksi na duara bila hata kutazama, alitoa mfululizo wa mateke uliofanana na kitu kilichofikiriwa. Mtu mzima aliyetoka kazini na kulipa shilingi zake akapumzishe akili alijikuta ameinuliwa kwenye benchi na mtoto wa darasa la tatu, banda zima likicheka.

Katika Tekken kila pigo lina kimo chake: la juu, la kati, la chini. Ukijikinga umesimama, la juu na la kati hayakupati, lakini la chini linakukata miguu. Ukijikinga umechuchumaa, la chini unalizuia na la juu linapita hewani, ila la kati linakuvunja. Hakuna kinga moja ya kila kitu, na gemu lilikusudiwa hivyo. Sasa mateke ya Eddy hupanda na kushuka, na mbonyezaji wake mara nyingi hajui yeye mwenyewe kama linalofuata litakwenda kifuani au kwenye vifundo vya miguu. Utamsoma vipi mtu ambaye hajajisoma? Juu ya hayo, Eddy ana tabia ya kukaa chini na kusimama kwa mikono, na ngumi ambayo kwa mpiganaji mwingine ingetua shavuni, kwake inapasua upepo.

"Huyu hachezi, anabonyeza!" Ndiyo ilikuwa kelele ya kila jioni. Mwenye banda alipoona watu wazima wanaanza kuhamia banda la jirani, akatafuta boksi na maka peni.

Aliyekataa kulalamika alikuwa kijana mmoja aliyekuwa akijifunza ufundi redio hapo mtaani. Alikuja asubuhi, banda likiwa tupu na sheria za jioni zikiwa bado zimelala, akalipa kama mteja yeyote, akaingia kwenye sehemu ya mazoezi na kumchagua Eddy. Tulidhani amehamia kwa adui. Alikuwa akitoa teke moja, anatulia, analitazama, analitoa tena. Lipi linakwenda miguuni. Lipi linamwacha Eddy amegeuza mgongo. Lipi linaonekana la hatari na kumbe halina urefu. Kwa mtazamaji ilikuwa shughuli ya kuchosha kuliko zote, na sisi tuliokuwa tunasubiri zamu tulimzomea waziwazi.

Alichokuwa anakitafuta ni kitu ambacho mbonyezaji hajui kuwa kipo, nacho ni zamu. Tekken huhesabu muda wake kwa picha 60 kila sekunde. Ngumi nyepesi hufika ndani ya picha kama 10, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Binadamu wa kawaida, tangu jicho lione mpaka kidole kijibu, anahitaji karibu robo sekunde. Kwa hiyo hakuna anayeiona ngumi hiyo akaizuia, hata bingwa wa dunia. Anayeizuia alikuwa ameshaamua. Lakini teke kubwa la kufagia ni zito, lina dalili zake, na kizuri zaidi ni kwamba likizuiwa humwacha aliyelipiga akiwa bado anakusanya viungo vyake. Katika kipande hicho cha sekunde yeye hawezi kufanya lolote na wewe unaweza. Zamu ni yako, na kwa kawaida watu huitupa, kwa kuwa bado wametishika na teke lililopita.

"Dogo, mwache amalize kusema," alikuwa akituambia siku alipoanza kuwainua mabingwa wa Eddy mmoja baada ya mwingine kwenye mechi za kisirisiri za asubuhi. "Akimaliza, sema wewe. Akikaa chini usimpige ngumi ya uso, uso wake haupo huko. Mpige la kati."

Bango halikutolewa. Wateja wenyewe ndio waliolitaka libaki, na mwenye banda alikuwa mfanyabiashara. Matokeo yake banda letu lilitoa wachezaji wazuri sana wa kumpiga kila mtu isipokuwa Eddy. Wakienda kucheza mtaa mwingine, mahali pasipo na boksi wala maka peni, walirudi wamenuna.

Nilipokuja kusoma historia ya kapoera, nilicheka peke yangu. Mchezo huo ulikuzwa Brazil na Waafrika waliofanywa watumwa, wengi wao wakitoka pande za Angola na Kongo. Utumwa ulifutwa huko mwaka 1888, na mwaka 1890 sheria mpya ya makosa ya jinai ikaharamisha kapoera barabarani. Ukikamatwa ukiicheza, ulikwenda jela. Dola nzima, yenye polisi na bunduki, iliweka kibao kilekile cha banda letu. Kapoera haikufa. Mwaka 1932 Mestre Bimba alifungua chuo chake mjini Salvador, akaupanga mchezo, akaufundisha kwa utaratibu, na mwaka 1937 serikali ikakitambua chuo hicho rasmi. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka duara ya kapoera kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Kilichobadilika katika miaka hiyo ni watazamaji. Teke lilikuwa lilelile.

Sisemi kila marufuku ni woga. Wapenzi wa gemu hizi wanamkumbuka Akuma katika Super Street Fighter II Turbo ya mwaka 1994, mpiganaji wa siri aliyeruka juu na kutupa moto kutoka hewani kwa namna ambayo wenzake hawakuwa na jibu lake. Watu walikaa wakamchunguza, wakajaribu, wakashindwa, na mwishowe mashindano yakamfungia mlango. Hilo nalikubali. Wale walikuwa wamelitafuta jibu kwanza. Mabingwa wa banda letu, ukiwauliza teke gani la Eddy linaloumiza zaidi, walikuwa wanakujibu, "Yote." Mtu anayejibu hivyo hajatafuta kitu, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kulalamika na kupinga dhuluma ni jambo moja.

Uswahilini tuna kibao chetu kingine, na hakihitaji maka peni. Shangazi yangu alikuwa na genge: nyanya, vitunguu, mkaa wa kopo, mafuta ya kupima. Ng'ambo ya njia akaja mwanamke mwingine akafungua lake, na baada ya muda wateja wakaanza kuvuka barabara. Majirani walikuwa na maelezo tayari. Chuma ulete. Fedha za shangazi, walisema, zinavutwa kwa njia za giza kutoka kwenye kopo lake hadi kwenye kopo la yule. Wakamshauri aende kwa mtaalamu. Ukishasema mwenzako anatumia uchawi, umejipa ruhusa ya kutomwangalia tena, maana mchawi haangaliwi, anaogopwa.

Shangazi ni mtu wa swala tano na hasira fupi. Hakwenda kwa mtaalamu. Alianza kumtuma mtoto akanunue kule. Vitu vidogo, leo hiki kesho kile, na mtoto akirudi anahojiwa kama shahidi: amekuta nani, fungu lilikuwa na nyanya ngapi, amefungiwaje, amejibiwaje. Ikajulikana kwamba yule mama hufungua alfajiri, wakati wanaume wanapita kwenda kazini na wake zao wanataka viungo vya mboga ya mchana. Ikajulikana kwamba anafunga kitunguu kimoja, nyanya mbili, karoti ndogo na pilipili hoho kipande kwenye mfuko mmoja, bei moja, mchuzi mzima mkononi. Shangazi alikuwa akiuza kwa mafungu makubwa, na mtaa wetu ulikuwa wa watu wanaolipwa kwa siku.

"Huyu mwanamke ana akili," alituambia jioni moja, kwa sauti ya mtu anayekabidhi kitu asichotaka kukitoa. Nilimheshimu sana kwa sentensi ile. Hakufunga mifuko kama yeye. Aliona kuwa alfajiri ni ya mwenzake, akaamua jioni iwe yake, akaongeza dagaa na samaki wa kukaanga saa ambayo jirani alikuwa ameshachoka na kufunga. Magenge yote mawili yalidumu. Wale waliotaka apelekwe kwa mtaalamu walipata samaki.

Katika Tekken yenyewe yupo mtu mmoja ambaye kila nikifikiria habari hii namkumbuka. Bae Jae-min wa Korea Kusini, anayejulikana kama Knee, alikuwa ameshakuwa miongoni mwa wachezaji wanaoheshimiwa zaidi duniani wakati, mwaka 2019, kijana wa Lahore aitwaye Arslan Ash alipotokea. Dunia ya Tekken haikuwa ikiihesabu Pakistan. Arslan alishinda mashindano ya Evo Japan mwezi Februari, na Agosti akashinda Evo ya Las Vegas kwa kumfunga Knee mwenyewe kwenye fainali. Alipohojiwa alisema nyumbani kwao wapo wengine wa kiwango chake. Angekuwa ni mwingine angesema huyo anajisifia, au amebahatisha. Knee alipanda ndege kwenda Pakistan, akakaa nao, akacheza nao kwenye kumbi zao, na akapigwa huko na vijana ambao majina yao hakuna aliyeyajua. Mtu mwenye mataji kabatini anasafiri kwenda kupigwa. Sijui viongozi wangapi wa vyama vyetu vya michezo, wakishafungwa, wangetaka hata kuiona tena mechi hiyo kwenye video.

Eddy mwenyewe amerudi. Tekken 8 ilitoka Januari 2024 bila yeye, na Aprili mwaka huohuo akaongezwa. Mpwa wangu analo gemu hilo sebuleni kwao, na vijana wa sasa wamerahisishiwa mambo kiasi ambacho yule fundi redio wetu angelia. Gemu linakuonyesha kila pigo linachukua picha ngapi. Linakuhifadhia mechi uliyopigwa, unairudisha nyuma, unaingia ndani yake na kushika pedi pale ulipokosea, ujaribu jibu jingine. Linafikia hatua ya kukwambia, hapa ungeweza kumwadhibu kwa pigo hili.

Juzi nilimkuta amepigwa na Eddy wa mtu asiyemjua, amerusha pedi kwenye kochi.

"Mjomba, hawa wanaotumia Eddy wafungiwe kabisa."

Nikamuuliza kama ameiangalia ile mechi.

"Ya nini? Mtu mwenyewe anabonyeza tu."

Nikamwambia amchague Eddy, jioni moja tu, aone kilichomo. Akanitazama kama nimemwambia akashangilie timu ya wapinzani wetu. Kisha akaokota pedi, akabonyeza mechi nyingine, akapigwa tena, akasema mtandao ulikuwa unakatakata.