Nguo ya Mvunaji
Mwaka 1960, mwanaakiolojia Joseph Naveh alikuwa akichimba magofu ya ngome ndogo kwenye pwani ya Mediterania, kusini mwa Tel Aviv, alipopata vigae vyenye maandishi ya wino. Vilipounganishwa, yakasomeka malalamiko ya kibarua wa karne ya 7 kabla ya Kristo. Mvunaji huyo anamweleza liwali kwamba alikwishavuna na kuweka nafaka ghalani kama ilivyo ada, ndipo akatokea Hoshayahu mwana wa Shobai akaichukua nguo yake. Mashahidi anao: wenzake waliovuna naye juani. Anachotaka ni nguo yake irudi.

Nguo tu? Mwenye kabati lililojaa mitumba anaweza kucheka. Ila kwa kibarua wa zama zile, vazi la mchana ndilo lililokuwa shuka la usiku, na Torati inalijua hilo. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinamwagiza aliyeshika vazi la mwenzake kuwa rehani alirudishe kabla jua halijatua, maana yule hana kingine cha kujifunika. Kumbukumbu la Torati 24 inaongeza sharti ambalo ni nadra kulisikia mimbarani: mkopeshaji asiingie nyumbani kwa mdaiwa kujichagulia rehani. Asimame nje, mwenye nyumba amtolee kwa mkono wake.

Waswahili, watu wa hodi, hawahitaji kufafanuliwa uzito wa kizingiti. Sharti hilo halikufuta deni wala kumwita mkopeshaji mwizi. Lilimzuia kumvunjia mtu heshima mbele ya mkewe na wanawe. Nchini Tanzania, aliyeonja mikopo ya "kausha damu" anajua mambo yanavyokuwa sharti hilo lisipokuwepo: watu huingia hadi chumbani wakatoka na godoro. Kenya nako mlango uliovunjwa ulikuwa wa simu. Wakopeshaji wa mtandaoni walipekua namba za mdaiwa, wakawapigia ndugu, marafiki, hata bosi wake, mpaka kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zikapiga marufuku aibu hiyo.

Sura hiyohiyo ya 24 inataka kibarua alipwe siku ileile, awe mwenyeji au mgeni. Hapo hakuna sadaka hata kidogo. Mambo ya Walawi 19 inakwenda mbali zaidi, inamkataza hakimu kumpendelea maskini kwa sababu ya umaskini wake, kama inavyomkataza kumnyenyekea mkubwa. Maskini anayezungumziwa ni mdai, mtu mwenye chake mikononi mwa wengine. Pengine ndiyo maana mafundisho haya huwa machungu kuliko wito wa kutoa. Bahasha ya sadaka hutiwa noti Jumapili bila shida. Dada wa kazi huko nyumbani anaambiwa asubiri mwisho wa mwezi ujao.

Nabii Yeremia hakulizungusha jambo hili. Katika sura ya 22 anamshukia Mfalme Yehoyakimu aliyejijengea jumba la vyumba vipana, madirisha mengi na mbao za mierezi zilizopakwa rangi nyekundu, huku akiwatumikisha watu bila ujira. Anamkumbusha habari za baba yake, Yosia. Naye alikula na kunywa, wala nabii hamlaumu kwa hilo. Lakini aliamua kesi za maskini kwa haki, na kwa Yeremia huko ndiko kumjua Mungu.

Wataalamu wengi wanakiweka kigae kile katika miaka ya utawala wa Yosia, ingawa wanabishana kama nguo ilishikwa kwa deni au kwa kazi iliyodaiwa kupungua. Mvunaji mwenyewe hataji aya yoyote ya Musa. Anasema tu hana kosa. Mistari ya mwisho imeharibika na jibu la liwali halimo. Jina la Hoshayahu limehifadhika herufi kwa herufi. La mvunaji halipo.