Amana ya Jicho la Mwana

Mzazi amvishapo mwanawe asiyeona mbali, kila usiku, lenzi ngumu ipitishayo hewa, ili alale nayo, na asubuhi aivue, na konea iliyobonyezwa kwa upole ibakie na umbo litakalomwezesha kusoma ubaoni mchana kutwa pasi na miwani, swali la kwanza si la tabibu bali ni la mzazi mwenyewe: je, jicho lile ni milki yake hata alitie katika hatari, japo ndogo, kwa kutaraji faida iliyo mbali?

Mafakihi wamekwisha kunena kwamba mwili ni amana, na kwamba msimamizi wa mtoto hana tasarufi juu yake ila katika lenye maslaha naye. Na kanuni yao ni kuwa kuondosha madhara hutangulizwa mbele ya kuleta manufaa. Mwenye haraka angeharamisha papo hapo. Lakini hapa manufaa yenyewe ni kinga, kwani jicho lisiloona mbali aghalabu ni jicho lililorefuka kupita kiasi, na lizidivyo kurefuka ndivyo retina ivutikavyo na kukaribia kuchanika ukubwani. Utafiti wa Hong Kong wa mwaka 2012, uliofuatilia watoto wadogo kwa miaka 2, ulionyesha kuwa lenzi hizi zilipunguza urefukaji huo kwa asilimia 43 kuliko miwani. Upande wa pili, Marekani, ambako lenzi za kulala nazo ziliidhinishwa mwaka 2002, wataalamu walikadiria mwaka 2013 kwamba watoto wapatao 14 katika kila 10,000 hupata kwa mwaka kidonda cha konea kitokanacho na vijidudu. Ni wachache, ila kovu la konea laweza kudumu umri mzima.

Hesabu hizo hazikufanywa Mtongwe. Hapa kwetu mfereji hukauka, mitungi hununuliwa mkokotenini, na visima vina wenyewe wanaovitegemea. Ilhali baadhi ya vidonda vilivyo vibaya mno hutokana na maji yaliyogusa lenzi, maana amiba wa konea huishi katika maji ya kisima na ya mfereji vilevile. Na kijana wetu huamkia maji ya udhu. Udhu hauharibiki kwa lenzi, kwa kuwa ndani ya jicho hapana wajibu wa kuoshwa, lakini uso ukitiwa maji lenzi ingali jichoni, hatari imekwisha ingia. Basi utaratibu na uwe huu: mikono ioshwe kwa sabuni na ikaushwe, lenzi ivuliwe na isafishwe kwa dawa yake, ndipo udhu ufuate. Mwezi wa Ramadhani, daku likiukata usingizi, lenzi haipati usiku wake kamili, na mtoto asilaumiwe kwa ukungu wa adhuhuri.

Aliyebaleghe ni mukalafu, na mkono usafishao ni wake. Ridhaa yake, kwa hiyo, ni sharti, kwani aliyelazimishwa ataficha jicho jekundu. Nyumba ambayo chupa ya dawa itapunjwa ili ifike mwisho wa mwezi, naona mtoto wake avae miwani, wala hajadhulumiwa. Na yule aliyevishwa lenzi, jicho likimuuma au likikimbia mwanga, aivue saa ile ile na apelekwe kwa tabibu wa macho siku hiyo hiyo, hata kama kesho yake ana mtihani.