Fungu la Asiyekuwepo

Mwaka 1983 sukari ilikuwa adimu. Kijijini kwetu, wilayani Handeni upande wa Mkata, tuliipangia foleni kwenye duka la ushirika, na mara nyingi tuliambiwa turudi wiki ijayo. Lakini kitu kitamu hatukukikosa. Maboga yalikuwepo shambani, yamejificha kwenye mahindi, na nazi zililetwa kutoka Muheza. Boga lililokomaa sawasawa, lile ambalo ukucha hauzami kwenye ganda lake, bibi alisema halina haja ya sukari ya dukani.

Kazi ilianza alasiri. Mmoja wetu alikalia mbuzi akakuna nazi, mwingine akashika kifumbu. Tui la kwanza, lile zito, liliwekwa kando na kufunikwa. Jepesi ndilo lililopikia boga mpaka likalainika. Tui zito liliingia mwisho, pamoja na iliki zilizotwangwa na chembe ya chumvi. Kuanzia hapo mshika mwiko hakuondoka jikoni, maana tui lisipokorogwa hukatika. Mkono wangu ulichoka, moshi ukaniingia machoni, na bibi hakunipokea mwiko. "Koroga, mjukuu wangu. Wenzio wanakungoja."

Kisha kugawa. Kabla sinia letu halijajazwa, bibi alipakua bakuli moja, akalifunika kwa kawa. Lilikuwa la mjomba, aliyekuwa mkata mkonge Ngombezi, Korogwe. Angeweza kuingia usiku uleule, au asionekane mwezi mzima. Sisi Wazigua tunahesabu ukoo kwa mama, na mjomba ni mtu mzito. Lakini naamini bibi angemwekea hata mpita njia. Mjomba asipofika, bakuli lilifunuliwa asubuhi tukagawiwa watoto, boga limepoa, tui limeganda juu. Sijapata kula kitu kitamu kama kile. Usiku, hata hivyo, bakuli halikuguswa. Mara moja nilichovya kidole. Bibi hakunichapa. Aliniuliza tu, "Na wewe ukichelewa njiani, nani akuwekee?" Sikupata usingizi mapema siku ile.

Leo naishi Korogwe mjini, na ninamlea mjukuu wa miaka 9 ambaye mama yake anafanya kazi Dar es Salaam. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 8, inawataja mzazi na mlezi kuwa na wajibu wa kumpa mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu na uongozi, uhuru, na nafasi ya kucheza na kupumzika. Nimeisoma na kuirudia. Tunaisoma kana kwamba chakula ni jambo moja na uongozi ni jingine. Tunashibisha nyumbani, uongozi tunamwachia mwalimu. Mtoto akilia, tunampa hela akanunue soda, tumemaliza.

Soda ya mililita 350 huwa na zaidi ya gramu 30 za sukari. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isifikie asilimia 10 ya nguvu ambayo mwili unapata kwa siku. Kwa mtoto wa miaka 9, chupa moja inakaribia kumaliza kiasi hicho. Meno ya mjukuu wangu yananipa wasiwasi. Kinachoniumiza zaidi ni kumwona amesimama mlangoni anakunywa peke yake mpaka tone la mwisho. Hakuna aliyemsubiri, hakuna aliyemkumbuka, wala hajui kwamba kuna kumkumbuka mtu. Kosa hilo ni langu mimi niliyempa hela, yeye hana kosa.

Jumamosi nilinunua boga sokoni Manundu. Mjukuu wangu alikuna nazi vibaya, akajikwaruza kidole, akataka kuacha. Nilimfunga kitambaa, akaendelea. Alikoroga mpaka mwisho, akibadilisha mikono. Nilipopakua bakuli la kwanza na kulifunika, aliuliza ni la nani.

"La mama yako."

"Si anakuja mwisho wa mwezi?"

"Ndiyo."

Alinyamaza. Akainua kawa, akalitazama lile bakuli, akachota vijiko viwili kutoka sahani yake akaongeza.

"Bibi, lilikuwa dogo," akasema. "Mama hashibi lile."