Deni la Shule ya Kijijini

Sisi tuishio Albert Park, hapa Durban, wengi wetu tulisomeshwa na wakulima. Wazazi walifyatua matofali, wakachangia shule ya kijiji kwa fedha za mazao. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya kwamba shule isiwafundishe watoto kudharau kilimo. Je, kwa kuondoka, tumewadhulumu wazazi? Tunavyoona, kuondoka si dhuluma. Dhuluma ni kudhani kwamba shule ile ilijengwa kwa ajili yetu tu. Mkulima aliyebaki anaihitaji zaidi: asome maelekezo ya dawa ya wadudu, ahesabu kilo za pamba yake asipunjwe mizani. Basi tunapotuma fedha nyumbani, tukumbuke na madawati.