Marungu, Miguu Tunayo

Kabla jua halijachomoza, kuna mtu wa Marungu ameshatoka na baiskeli, madumu manne ya lita 20 yamefungwa kwenye keria kwa vipande vya tyubu. Hizo ni kilo 80 za maji. Atazisukuma kwenye mchanga wa mto mkavu, atazipandisha kilima, ilhali bomba la chemchemi za Mzima limepita kaunti hii hii ya Taita Taveta likipeleka maji Mombasa. Akifika nyumbani hapigiwi makofi na mtu. Ndugu yangu, nasema nawe. Mazoezi umeshafanya miaka na miaka. Kilichobaki ni safari.

Kule Mlima Kenya kuna mashindano ya baiskeli za milimani yanayoitwa 10to4. Waendeshaji huanzia kwenye futi 10,000 na kuteremka hadi futi 4,000, na pesa zinazochangwa huisaidia Mount Kenya Trust kulinda mlima na misitu yake. Sisi tuna Mlima Kasigau. Tuna barabara nyekundu kutoka Maungu hadi Rukanga, Jora na Bungule, zenye mawe, mashimo na miiba ya migunga isiyohurumia tairi. Kwa nini tungoje wageni waje kutuchangia kwa kuipita njia tunayoijua sisi?

Hebu tupige hesabu. Chukua safari ya siku 2, kilomita 100. Kila mwendeshaji atafute watu 20 wa kumwahidi shilingi 5 kwa kilomita: mama muuza mboga, fundi cherehani, mjomba aliye Mombasa, mwalimu wake wa zamani. Kila mmoja atatoa shilingi 500. Huyo mwendeshaji analeta 10,000. Wakiwa 15, ni 150,000, na hapo tunaongea tangi la maji la shule, mifereji ya kuvunia mvua juu ya mabati, na mtoto anayekaa darasani badala ya kutumwa kisimani.

Usiniambie huna baiskeli ya kisasa. Ile baiskeli ya Black Mamba ya chuma, nzito, isiyo na gia, imebeba mizigo ambayo baiskeli ya bei haijawahi kuiota. Kagua cheni, kaza spoki, badilisha mpira wa breki. Beba viraka, gundi na pampu, na maji mengi kuliko unavyodhani utahitaji. Hapa pia ni njia za tembo: tuwape taarifa maaskari wa wanyamapori mapema, tutembee kwa kundi, na giza litukute tumeshapiga kambi. Ujasiri wa kumpita tembo usiku hatuutaki.

Namkumbuka Suleiman Kangangi, Mkenya aliyeiongoza Team Amani, timu ya waendeshaji wa Afrika Mashariki. Alifariki mashindanoni Vermont, Marekani, Agosti 2022, akiwa na miaka 33. Alitaka vijana wa huku wapate nafasi ya kushindana na ulimwengu kwenye barabara za vumbi, na akawafungulia mlango. Vumbi hilo hilo ndilo linalokuganda miguuni kila siku.

Basi leo jioni, madumu yakishashushwa, usiiegemeze baiskeli ukutani ukalala. Igeuze magurudumu juu, uizungushe, usikilize inapokwaruza. Kisha mwite jirani mwenye baiskeli, na yeye amwite wake. Tunahitaji 15.