Aliambiwa Halazimiki

Baba mmoja kutoka Fizi, Kongo, aliyekaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kabla ya kupelekwa Marekani na familia yake, alipata kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama. Mwaka 2020 alilipwa dola 22,000 hivi. Mkewe alikuwa nyumbani na watoto watatu. Mwaka ulipokwisha, kiwanda kikamtumia fomu W-2, ile karatasi inayoonyesha mshahara wa mwaka mzima na kodi iliyokatwa. Akamwonyesha mwenzake wa zamu, mtu aliyemtangulia Marekani na anayesikilizwa kanisani.

"Ndugu yangu, hizi ni pesa kidogo," mwenzake akamwambia. "Hulazimiki kufaili. Usijitafutie maneno na serikali."

Alichosema kilikuwa kweli, na ubaya ulianzia hapo. Mwaka ule mume na mke waliojaza fomu ya kodi pamoja hawakulazimika kuipeleka ikiwa mapato yao hayakufika dola 24,800. Lakini tangu 1975 sheria ya Marekani inayo nafuu ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato cha chini, EITC kwa kifupi, nayo hulipwa hata kwa mtu asiyedaiwa kodi yoyote. Kwa familia kama yake, 2020 ilikuwa dola 6,660. Mshahara alikuwa nao, namba za Social Security walikuwa nazo wote watano, na watoto waliishi naye mwaka mzima, wakati sheria inataka zaidi ya nusu mwaka tu. Kilichokosekana ni fomu. Asiyeomba hapewi, na mamlaka ya kodi, IRS, yenyewe hukadiria kwamba katika kila wafanyakazi watano wanaostahili, mmoja haombi. Inauma, kwa sababu wanaokosa ni walewale ambao kodi ya nyumba huwakimbiza kila mwezi.

W-2 zikawa zinawekwa kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na kadi za chanjo za watoto. Juni 2024 mkewe akaubeba mfuko huo hadi maktaba, kwenye kituo cha VITA kilichokuwa bado wazi, ambako watu waliofunzwa huwajazia fomu bure wenye kipato kidogo. Mama aliyempokea akazipanga mezani, mwaka kwa mwaka, kisha ile ya 2020 akaiweka kando. Marejesho ya kodi, pamoja na nafuu hii, hudaiwa ndani ya miaka mitatu tangu siku ya mwisho ya kupeleka fomu. Ya 2020 muda wake ulikwisha tarehe 17 Mei 2024. Kusema hukujua hakusaidii.

Ya 2021 ilikuwa bado hai: dola 6,728. Wakaipeleka, wakaanza kungoja. Wakati huo akatokea jamaa aliyeahidi kuharakisha mambo na kuwaongezea mtoto kwenye fomu, mpwa wao aliyebaki Nyarugusu. Ada yake ilikuwa kubwa, na fomu hakutaka kuitia sahihi. Mke akamkatalia, na alifanya vema. Mtoto asiyeishi nawe Marekani hahesabiwi katika nafuu hii, na anayedanganya anaweza kuzuiwa kuidai kwa miaka 10. Huyo jamaa asingeonekana popote.

Kisha ikaja barua ya IRS. Baba akaogopa, akaiweka juu ya kabati bila kuifungua, nayo ilitoa siku 30 tu. Mke ndiye aliyeifungua. Haikuwa mashtaka. Ilitaka uthibitisho kwamba watoto waliishi nao. Shule ikawaandikia, lakini kwa anwani ya sasa. Mama wa maktaba akawarudisha wakaombe nyingine, yenye jina la kila mtoto, anwani ya nyumba waliyokaa 2021, na tarehe za mwaka ule. Hiyo ndiyo iliyopokewa.

Hundi ilifika Februari 2025. Fomu ya 2024 walikwisha kuipeleka tangu Januari, wakijua mapema kwamba marejesho yenye nafuu hii sheria haiyaruhusu kutoka kabla ya katikati ya Februari, na waliopiga simu kuwauzia mkopo wa kungojea marejesho hawakupata kitu kwao.